Maneno Yaliyombakia Milimita

Kiharusi kilimkuta kazini, asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado kinafuka moshi pembeni ya kibodi. Alikuwa anapanga kitabu cha sayansi cha watoto wa shule, ukurasa wenye picha ya mche wa maharage, na alikuwa kwenye simu anabishana na mhariri kuhusu picha hiyo. Mhariri alitaka ikuzwe ijaze ukurasa. Yeye alisema hapana, mche nao unahitaji mahali pa kupumulia. Katikati ya ubishi huo maneno yakaanza kumtoka yakiwa yamepinda, mkono wa kulia ukalegea, simu ikaanguka sakafuni, na mhariri akabaki anasema peke yake.

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi walimwita Milimita. Jina hilo alipewa na mpiga chapa, mzee mmoja mwenye vidole vyeusi aliyeitwa Wino, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikubali kitu kilichokwenda upande hata kwa milimita moja. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa: kuchukua maandishi ya mwandishi na picha za mchoraji, kuchagua aina ya herufi na ukubwa wake, kuamua mstari uanzie wapi na uishie wapi, hadi kitabu kiingie mashineni kikiwa kimekaa sawa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri msomaji hajui hata kama ilifanywa. Mama mkwe wake alikuwa mmoja wa wasiojua. "Mkwe wangu anachezea kompyuta," ndivyo alivyowaambia majirani zake, na aliona amemaliza yote.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na watu walimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia. Walioana wakiwa watu wazima, mvi zimeshaanza kuchungulia, na nyumba yao ilikuwa ya watu wawili wasiopenda makelele. Milimita aliporudishwa kutoka hospitalini, nyumba ikawa kimya kupita walivyozoea. Mguu ulikuwa unabeba. Mkono wa kulia ulikuwa mzito lakini ulianza kuitika. Maneno ndiyo hayakuwepo.

"Akili yake iko salama," daktari alimwambia Baridi. "Anasikia, anaelewa, anajua kabisa anachotaka kusema. Neno lenyewe ndilo haliji. Au linakuja jingine."

Baridi alikaa naye wiki za kwanza, akapika viazi vikaungua, akafua mashuka yakashika rangi ya soksi. Kisha wateja wakaanza kumpigia simu bila kupumzika, maana friji haijui kama fundi ana mgonjwa. Akajikaza, akamwita mama yake.

Mama alifika na begi moja na sufuria mbili. Sufuria za watu hakuziamini. Sehemu kubwa ya maisha yake aliuza sufuria sokoni, katikati ya mlio wa bati na makelele ya wenzake, na sauti yake ilikuwa imekomaa hukohuko. Akikuuliza habari za asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu naye anaitikia. Kati yake na mkwe wake hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na adabu tupu, ile ya kuulizana hali na kusindikizana hadi mlangoni. Milimita alipokwenda kwake mara ya kwanza kama mchumba, alisimama mbele ya picha za ukutani, akazinyoosha moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Hakusema kitu. Mama naye hakusema kitu, ila kimoyomoyo alisema: huyu amekuja kunikagua.

Sasa alimkuta amekaa kwenye kochi, amevalishwa sweta la mumewe, macho yako wazi na mdomo umefungwa. Moyo ukamruka mama wa watu. Alichoweza kufanya ni kuongeza sauti.

"MWANANGU! UNANISIKIA? NI MIMI, MAMA! UNATAKA SUPU?"

Milimita akafumba macho.

"SUPU! AU CHAI?"

Siku zikaenda hivyo. Mama alimwogesha, akamlisha, akamnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa, na kila alichokifanya alikitangaza. Milimita alikuwa anakunja uso na kugeukia ukutani, na mama akaona ni huzuni ya ugonjwa.

Kisha siku moja, mama akiwa katikati ya kutangaza kwamba anafungua dirisha, Milimita alimshika kiganja kwa mkono wa kushoto. Midomo ikahangaika. Jasho likamtoka. Ghafla sauti ikatoka, safi kabisa, ya mtu mzima aliyezoea kuagiza:

"Herufi ndogo."

Mama alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu akakimbia. Akaleta gazeti, akamwekea magotini. Milimita akatikisa kichwa. Akaleta miwani yake mwenyewe, akamvisha. "Herufi ndogo," akasema tena Milimita, miwani ikimteleza puani, na safari hii machozi yalikuwa karibu.

"HERUFI HIZI NI NDOGO SANA? NIKUTAFUTIE KUBWA?"

Baridi aliporudi jioni alifurahi mpaka akakosa pa kukaa, mke wake amesema, lakini maana hakuijua hata yeye. Na kesho yake likaja neno la pili. Walikuwa wamekuja wageni, shangazi za Baridi na majirani, chumba kimejaa, wawili wamekaa kitandani kwa mgonjwa na mmoja ameegemea mto wake. Milimita aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Pambizo," akasema. "Pambizo. Pambizo!"

Shangazi mmoja aliuliza kama hayo si matusi.

Mama hakuwa mtu wa kulala na swali. Wageni walipoondoka alimwachia Baridi mgonjwa, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa miguu hadi kiwanda cha uchapaji, akiyarudia yale maneno njiani yasije yakamponyoka.

Alimkuta Wino amejiinamia kwenye mashine, chupa ya mafuta mkononi. Harufu ya wino ilimpiga puani, na mlio wa mashine ukamkumbusha sokoni.

"Shikamoo, mama," Wino akasema, akijifuta mikono bila mafanikio.

"Marahaba, baba. Mimi ni mama yake yule mnayemwita Milimita. Nimekuja kuulizia maneno."

Wino alizima mashine. Alikuwa ameshakwenda hospitalini na kurudi, na tangu siku hiyo alikuwa hana raha. Mama alipomwambia kuhusu pambizo, alichomoa karatasi moja kwenye rundo akaitandaza mezani.

"Unaona hapa, mama, maandishi yanaanzia huku, yanaishia huku. Na hii nyeupe inayozunguka pande zote? Hii ndiyo pambizo. Ni nafasi inayoachwa makusudi. Ukiiondoa, maandishi yanagonga ukingo, macho hayana pa kutulia, hata kidole cha kushikia kitabu kinakosa mahali."

Mama aliitazama ile nyeupe kwa muda. Akaona kitanda. Akamwona shangazi ameegemea mto.

"Tulikuwa tumemkalia," akasema polepole. "Na herufi ndogo?"

Wino akasita, akakuna kichwa, akaacha alama nyeusi kwenye mvi. "Sasa hapo sijui, mama. Ila kwetu, mtu akikuletea tangazo limeandikwa lote kwa herufi kubwa, Milimita huwa anaziba masikio. Anasema, huyu mtu anapiga kelele, mpeni herufi ndogo tumsikie vizuri."

Mashine ilikuwa kimya, na kwenye ukimya huo mama aliisikia sauti yake mwenyewe ya wiki zote zile. Alishika mdomo. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Wino, aliyedhani analia, alikuwa anamtafutia kiti alipogundua kwamba bibi wa watu anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Kumbe ananiambia ninyamaze! Kwa adabu hivyo!"

Alirudi nyumbani, akaketi mbali kidogo na kitanda, akainama, akasema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu mwanawe alipokuwa mchanga: "Mwanangu. Nimeelewa. Samahani."

Milimita alimtazama. Pembe moja ya mdomo, ile iliyokuwa bado inatii, ikapanda.

Kuanzia hapo mama akawa mwanafunzi. Mtaalamu wa usemi kutoka hospitalini, dada mmoja mpole aliyekuja na kadi za picha, alionyesha picha ya paka, ya ndoo, ya mlango, na Milimita hakupata hata moja. Lakini mama alipoeleza habari za pambizo, yule dada aliweka kadi zake chini.

"Hayo ameyatamka kila siku kwa miaka mingi, yamejikita," akasema. "Msimkatalie. Mjibuni kwa hayohayo. Mengine huenda yakafuata, huenda si yote."

Basi nyumba ikaanza kuongea lugha ya kiwandani. Milimita akisema "mlazo", mama alimlaza chali, naye anatikisa kichwa kwa hasira, hadi Wino alipoeleza kwa simu kwamba herufi za mlazo hazilali, zinainama tu kidogo upande, kama mtu anayetembea kwenye upepo. Mama akaweka mto nyuma ya mgongo, akauinamisha kidogo, na mgonjwa akashusha pumzi. Akisema "safu mbili", alitaka kochi lisogezwe wakae ubavu kwa ubavu na mumewe, kila mtu na upande wake, katikati pana nafasi. Chumvi ikizidi kwenye supu alisema "nzito", kama herufi nzito za kichwa cha habari, na mama aliongeza maji bila kununa. Karibu bila kununa.

Si kila neno lilifunguka. Kulikuwa na asubuhi moja aliposema "rangi ya tano" mara nyingi, akionyesha dirisha, akionyesha kifua chake, akilia. Wino alisema mashine yao ina rangi nne tu, samawati, waridi, njano na nyeusi, na kwa hizo nne unapata karibu rangi zote za duniani. Ya tano huletwa kwa kazi maalumu, kama dhahabu. Mama alimletea mkufu wake. Baridi alimletea pete yake ya ndoa aliyovuliwa hospitalini. Haikuwa hivyo. Hawakujua kamwe ilikuwa nini, na baadaye hata yeye mwenyewe hakukumbuka.

Kisha likaja neno lililotaka kuvunja kila kitu.

Mchana, Baridi akiwa kazini, mama alikuwa na desturi ya kumpakulia mkwe wake kwenye sinia, anamwekea kwenye meza ndogo sebuleni, anamkatia nyama vipande vidogo, halafu yeye anarudi jikoni kula. Alikula amesimama, sahani juu ya jiko, macho kwenye ukuta. Hakuna aliyemwambia ale hivyo. Ndivyo alivyokula tangu mumewe alipofariki. Meza ilikuwa imemshinda.

Siku hiyo alikuwa ameshageuka kwenda jikoni aliposikia nyuma yake:

"Mjane."

Akageuka. Milimita alikuwa anamtazama yeye, moja kwa moja, kijiko mkononi. "Mjane," akarudia, wazi kabisa, na akanyoosha kidole.

Mama alikuwa ameitwa hivyo na wengi. Shemeji zake walilitumia neno hilo mwaka ule wa msiba kama watu wanavyosema "kile kiti", alipokuwa amekaa palepale kati yao. Hakutegemea kulisikia humu, kutoka kwa mtu ambaye yeye ndiye anamkatia nyama.

"Naam," akasema. "Ni mjane. Sikukuficha."

Akaingia jikoni akafungua bomba, akasugua sufuria iliyokuwa safi, akaisugua tena. Sebuleni Milimita alikuwa anaita kitu kisichokuwa neno. Mama hakwenda.

Jioni alimwambia mwanawe kwamba anafikiria kurudi kwake.

"Kwa nini, mama? Tumekukosea nini?"

"Hakuna. Nimechoka tu. Mwenzako sasa anaweza kushika kijiko."

Baridi alimfahamu mama yake. Sauti ikiwa ndogo hivyo, kuna jambo. Akamsihi angoje hadi mwisho wa wiki. Mama alikubali kwa shingo upande. Akaendelea kuogesha, kulisha na kunyoosha vidole, kila kitu kwa adabu ile ya zamani ya kusindikizana mlangoni. Milimita alimfuata kwa macho chumba kizima, na kila alipofungua mdomo, mama alikuwa ameshapata kazi ya kufanya chumba kingine.

Wino alikuja siku ya mapumziko, amevaa shati la kutokea, bahasha kubwa kwapani. Ndani mlikuwa na prufu za kitabu cha sayansi, yaani zile karatasi za majaribio zinazochapwa kwanza ili makosa yaonekane kabla mashine haijaanza kazi yenyewe. Kiwanda kilikuwa kimempa mtu mwingine akimalizie kitabu.

"Sikuja na kazi," akajitetea kwa Baridi mlangoni. "Nimesema tu aone. Labda atafurahi kuona mche wake."

Akazitandaza kwenye meza ndogo. Milimita alinyoosha mgongo. Mkono wa kushoto ukaanza kufunua kurasa, polepole, halafu kwa kasi, na uso wake ukawa uso ambao Baridi hakuwa ameuona tangu ile asubuhi. Akakomea kwenye ukurasa mmoja, akagonga karatasi kwa kidole.

"Mjane!"

Mama alikuwa anaingia na sinia la chai. Vikombe vikagongana.

Wino aliinamia karatasi, akavaa miwani. "Ala! Kweli bwana. Mjane huyu hapa. Na mimi nilipita bila kumwona."

"Na wewe pia, baba?" mama akasema. Alikuwa bado ameshika sinia. "Nilidhani wewe una heshima."

Wino alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena. Akapigwa na butwaa, kisha akaelewa nusu, na nusu hiyo ikamtosha kusimama.

"Mama, tafadhali, njoo uone. Si wewe. Njoo."

Mama hakutaka. Baridi akampokea sinia, naye akasogea.

"Hii ni aya," Wino akasema. "Imeanza ukurasa huu, ikaenda, ikaenda, nafasi ikaisha. Mstari wake wa mwisho, huu mfupi, umevuka ukaenda kubaki juu ya ukurasa mpya, peke yake. Wenzake wote wameachwa nyuma. Sisi mstari huo tunauita mjane. Neno la kazi tu, mama, tulilikuta."

Mama aliutazama ule mstari. Ulikuwa na maneno matatu tu, juu kabisa, na chini yake nafasi, halafu habari nyingine isiyomhusu.

"Na mnamfanyaje?"

"Haachwi hivyo. Tunamletea mstari mwingine kutoka ukurasa wa nyuma ili wakae wawili. Au tunabana kidogo juu huku, apate kurudi kwa wenzake. Milimita huyu aliwahi kunizimisha mashine kwa sababu ya mjane mmoja. Nikamwambia, nani atajua? Akaniambia, mimi nimeshamwona."

Mama alikuwa anakumbuka alikuwa amesimama wapi siku ile neno lilipomfikia: mlango wa jikoni, sahani yake mkononi, uso ukielekea ukutani. Akamgeukia mkwe wake. Milimita alikuwa analia bila sauti, upande mmoja wa uso, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anapiga-piga nafasi iliyokuwa wazi kwenye kochi, pembeni yake.

"Haya," mama akasema. "Haya, mwanangu. Haya."

Akaketi. Chai ikapoa ikanywewa ikiwa imepoa. Na kesho yake mchana alileta sahani mbili kwenye sinia moja.

Wino alikuwa amesema hakuja na kazi, lakini aliziacha zile prufu, akajifanya amesahau. Kuanzia hapo kila asubuhi baada ya mazoezi ya vidole waliketi wawili kwenye kochi, karatasi mbele yao. Mkono wa kushoto wa Milimita ulitetemeka mno kwa penseli, kwa hiyo penseli nyekundu alishika mama na rula akashika Milimita. Milimita anaonyesha, mama anaweka alama. Mwanzoni mama hakuona kosa lolote. Kwake kurasa zote zilikuwa nzuri. Lakini mtu aliyeuza sufuria maisha yake yote anajua kutazama mduara kama umekaa sawa, na baada ya siku kadhaa alianza kuinamisha kichwa, anafumba jicho moja.

"Huyu hapa si kama amekaa chini ya mwenzake?" akauliza, akionyesha kichwa cha habari.

Milimita akapima kwa rula. Akamtazama mama mkwe wake kwa mshangao, akaitikia kwa kichwa.

"Nimeona mwenyewe!" mama akasema, na sauti ikampanda kidogo. Milimita akainua kidole. "Herufi ndogo, ndiyo, samahani."

Ilikuwa kwenye karatasi hizo ndipo maneno ya kutenda yalipoanza kurudi. Mama alikuwa anauliza kila mara, "Nimfanye nini huyu?" na Milimita anahangaika kwa mikono. Siku moja picha ya mzizi ilikuwa imebanana na maandishi yake, na mama akauliza, "Nimfanye nini huyu?" na jibu likatoka kabla yeyote kati yao hajajiandaa:

"Sogeza."

Wakatazamana.

"Nisogeze?"

"So-geza. Kulia. Ki-dogo."

Likafuata "shusha". Likafuata "punguza", ambalo lilimchukua asubuhi nzima. Yule dada wa hospitali alipoambiwa hayo alitupa kadi zake za paka na ndoo ndani ya mkoba na kuomba apewe nakala ya prufu.

Na jioni moja, chakula kikiwa mezani na Baridi anasimulia habari za friji iliyokutwa na panya ndani, Milimita alimgusa mama mkono. Akaonyesha kiti kilichokuwa kati ya meza na mlango, ambacho Baridi alikuwa anakigonga kila akipita.

"Mama," akasema. "Sogeza... ki..." Akafumba macho. "Kiti."

Baridi aliweka kijiko chini. Kiti halikuwa neno la kiwandani, na yeye alilijua hilo kabla ya yeyote. Mama yake aliinuka, akakisogeza kiti kulia, akasimama nyuma yake amekishika mgongo kwa mikono miwili, na hakuweza kurudi kukaa kwa muda.

Hakupona kama watu wanavyopenda kusikia. Simu haikurudi kuwa rafiki yake, majina ya watu yalimtoroka, na akichoka maneno yote yaliondoka pamoja naye kwenda kulala. Kiwanda kilimruhusu afanyie kazi nyumbani, kidogo kidogo, kwa mkono wa kushoto, na kazi yake ya kwanza ikawa jalada la kitabu kilekile. Mama hakuzungumzia tena kurudi kwake, ila alikwenda mara moja kuchukua sufuria zilizobaki.

Siku sampuli ya jalada ilipoletwa, Baridi alirudi kutoka kazini mapema. Alifika mlangoni, begi la vifaa begani, akasikia sauti ndani. Sauti mbili.

"Nasema kijani hiki kimekaa kama ukungu wa mkate," mama alikuwa anasema. "Nani atanunua kitabu chenye ukungu?"

"Si... ukungu. Mche. Mche... mchanga. Unatoka... chini."

"Na jina la kitabu mbona umelisukuma pembeni? Limekosa nini?"

"Ma-kusudi!"

"Makusudi gani? Mimi ningeliweka katikati, kubwa, mtu alione akiwa barabarani."

"Wewe... hujui... rangi. Wala... nafasi."

"Nisijue rangi mimi? Nimeuza sufuria za rangi zote!"

"Sufuria," Milimita akasema, akipigania kila silabi, na kila silabi ikija, "sufuria... si... kitabu, Mama!"

Baridi aliondoa mkono kwenye kitasa. Akashusha begi chini taratibu, vifaa visigongane, akaketi kwenye ngazi ya mlangoni na kuegemea ukuta. Ndani walikuwa wamefika kwenye suala la ukubwa wa herufi, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

Jirani aliyekuwa anapita na ndoo ya nguo alisimama kumwona amekaa nje ya nyumba yake mwenyewe, macho yamelowa.

"Vipi fundi, kwema humo?"

"Kwema kabisa," Baridi akasema. "Wanagombana."